Chenga Kwanza, Pasi Baadaye: Mpira wa Watoto wa Mpemba Tangu Enzi za Chandimu

Mpira wa kwanza waliouchezea watoto wa Mpemba haukuwa na uwezo wa kufika mbali. Ulikuwa chandimu: matambara yaliyoviringwa na kushindiliwa, yakavishwa soksi iliyotoboka au mfuko wa nailoni, kisha yakakazwa kwa kamba ya katani au kwa vipande vya tyubu kuukuu ya lori. Ukiupiga kwa nguvu zako zote, unakwenda hatua chache na kufia kwenye nyasi. Haudundi. Ukinyeshewa unakuwa mzito, mguu wa mtoto hauuwezi tena. Mpira wa namna hiyo huwezi kumpelekea mwenzako aliye upande wa pili wa uwanja. Unatembea nao mguuni mwako, huku ukiwakwepa wanaokuja kukunyang'anya. Kwa hiyo hapa Mpemba chenga ilitangulia pasi, na haikuletwa na kiburi cha mtoto yeyote. Ililetwa na mpira wenyewe.

Naanza na jambo hili kwa sababu ya ubishi ambao hauishi pembeni mwa viwanja vyetu. Mtoto wa miaka tisa anachukua mpira, anampita wa kwanza, anampita wa pili, na sauti za watu wazima zinagawanyika palepale. Huyu anapiga kelele, "Achia mpira!" Yule anamjibu, "Mwacheni mtoto acheze!" Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Mpemba mwaka wa Muungano, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha nikiwa na kipyenga shingoni. Ubishi huo naujibu kwa historia ya hapa hapa kwetu. Chenga na pasi hazijawahi kuwa maadui. Kila moja ilizaliwa na mazingira yake, na mtoto aliyeanza na chenga ndiye anayeiweza vizuri pasi. Adui wa zote mbili ni mwingine kabisa, nitamtaja nikifika kwake.

Mpemba

Kwa asiyepafahamu, Mpemba ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe. Ukitoka Mbeya kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia unafika kwetu kabla hujaingia Tunduma mpakani. Kutoka hapa barabara nyingine inachepuka kwenda Isongole wilayani Ileje, kilomita 50.3 ambazo sasa zina lami, na mbele yake ni Malawi. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo tulikuwa Mkoa wa Mbeya, na kabla Wilaya ya Momba haijaanzishwa mwaka 2012 tulikuwa chini ya Mbozi. Ni nchi ya Wanyamwanga, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa, wengine wakabaki upande wa Nakonde, Zambia. Humu pia wamo Wanyiha, Wandali, Wanyakyusa na wengine wengi waliovutwa na biashara ya mpakani. Tunalima mahindi na maharage. Malori hayakatiki.

Nayataja haya kwa sababu mpira wa watoto hauoti hewani. Unaota kwenye ardhi waliyonayo, kwa vitu walivyonavyo, na kwa habari zinazowafikia. Sisi ardhi yetu ilikuwa mashamba, vitu vyetu vilikuwa mabaki ya malori, na habari zetu zilitoka Dar es Salaam na Zambia kwa pamoja.

Sheria za chandimu

Msimu wa chandimu ulikuwa baada ya mavuno. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi kali ya nyanda hizi, mashamba ya karibu na nyumba yalibaki wazi. Tuling'oa mabua, tukaweka mawe mawili kila upande, goli likawa tayari. Hakuna aliyepima upana wa uwanja, wala hakukuwa na mwamuzi. Tulicheza watatu kwa watatu, wanne kwa wanne, kutegemea nani hajatumwa kuchunga au kuteka maji. Kona tatu zilihesabika penalti moja. Golikipa alikuwa wa zamu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa golini. Mwenye mpira ndiye aliyepanga timu, na mama yake akimwita mchezo ulikuwa umekwisha.

Ndani ya mchezo huo mdogo mlikuwa na shule kubwa. Mko sita tu, kwa hiyo mpira unakurudia kila mara. Ardhi ina mashimo na visiki vya mabua, kwa hiyo jicho linajifunza kuutazama mpira na kumtazama mpinzani kwa pamoja. Wapinzani wako karibu, kwa hiyo mwili unajifunza kudanganya: bega linakwenda kushoto, mguu unakwenda kulia. Aliyempiga mwenzake tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake, alitajwa kijijini hadi kesho yake, na aliyepigwa alilala akiwaza namna ya kulipa. Kanzu, yaani kuupitisha mpira juu ya kichwa cha mpinzani, haikuwezekana kwa chandimu, hauinuki vizuri. Ndiyo maana watoto wa kizazi changu walikuwa wajanja wa mpira wa chini.

Hata pasi ilikuwa na mwanzo wake hapo. Mtoto aliyeng'ang'ania mpira na kunyang'anywa kila mara hakukemewa na kocha, maana kocha hakuwepo. Wenzake walimsusa. Alikimbia huku na huku bila kuguswa na mpira, mpaka akaelewa. Alipoupata tena alipiga chenga yake moja, kisha akamsukumia mwenzake mpira mfupi. Hukumu hiyo ya wenzake ilifundisha kuliko kelele za mtu mzima, kwa sababu haikumkataza chenga. Ilimfundisha mahali pa kuimalizia.

Walioanzisha nao walianzia hapo

Mtu akiniambia kwamba chenga ni mpira wa kishamba na pasi ni mpira wa kisasa, humkumbusha namna mchezo wenyewe ulivyoanza. Chama cha Soka cha Uingereza kiliundwa London mwaka 1863. Katika sheria zake za kwanza, mchezaji aliyekuwa mbele ya mpira alihesabiwa ameotea. Huwezi kumpa pasi mtu ambaye haruhusiwi kuwa mbele yako, kwa hiyo mchezo ulikuwa wa mtu mmoja kukimbia na mpira mpaka anyang'anywe, na wenzake kumfuata nyuma wauokote. Wale mabwana wa London walikuwa wapiga chenga kwa sababu sheria iliwalazimisha, kama sisi tulivyolazimishwa na matambara.

Mwaka 1866 sheria ililegezwa: ukiwa mbele ya mpira, ilitosha wapinzani watatu wawe kati yako na mstari wa goli lao. Mlango wa pasi ukafunguka. Tarehe 30 Novemba 1872, Scotland na Uingereza zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa mjini Glasgow, ikaisha bila bao. Waskoti, wote kutoka klabu ya Queen's Park, walikuwa na miili midogo kuliko wapinzani wao, na walisaidiana kwa kupeana mpira. Tangu hapo Waskoti ndio waliosambaza mpira wa pasi, ndani ya Uingereza na nje yake.

Waskoti hao hawakuwa mbali na sisi. Mwenzo, ng'ambo ya mpaka karibu na Nakonde, ilikuwa misheni ya kanisa lao tangu miaka ya 1890, katikati ya Wanyamwanga. Lakini siwapi wao sifa ya pasi zetu. Pasi zetu ndefu zilikuja kwa njia ya chuma.

Reli na mpira unaofika

Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970. Mwaka 1973 reli ilikuwa imefika mpakani Tunduma, na mwaka 1975 kilomita zote 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilikuwa zimekamilika. Nilikuwa mtoto wa shule wakati mafundi wa Kichina na vibarua wa Kitanzania walipopita kwetu wakichonga vilima na kujaza mabonde. Wakubwa wanakumbuka mishahara na mchele. Mimi nakumbuka ardhi tambarare. Kando ya reli palibaki sehemu zilizosawazishwa kwa mashine, na hatukuwahi kuona kitu kama hicho. Hata uwanja wa shule yetu uliinamia upande mmoja, tukawa tunagombania kushambulia kuelekea mteremkoni.

Vibarua walipomaliza kazi walicheza jioni kwa mpira wa kujaza upepo. Mpira rasmi una uzito wa gramu 410 hadi 450 na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, na kwa mtoto aliyezoea chandimu ni kiumbe kingine kabisa. Tulipopewa nafasi ya kuuchezea, ulitukimbia. Chenga zetu zote zilivunjika, kwa kuwa mguu uliozoea kuburuza tambara ulikuwa unasukuma kitu chepesi kuteleza. Lakini tuligundua jambo kubwa zaidi: ukiupiga, unafika. Mwenzako anaweza kusimama mbali, pembeni kabisa, na mpira ukamkuta. Uwanja ukawa mpana kuliko tulivyoujua.

Kuna tofauti niliyoiona wakati huo, nami nimeendelea kuiona kwa kila kizazi nilichofundisha. Watoto waliotoka kwenye chandimu walichukua muda kuuzoea mpira mpya, lakini wakishauzoea walikuwa na vyote viwili. Wale walioanza moja kwa moja na mpira mkubwa kwenye uwanja mkubwa walijua kuupeleka mpira mbali, lakini mpinzani akiwasogelea walitetemeka. Pasi ya mtu anayeogopa kunyang'anywa si pasi. Ni kujivua mzigo.

Sauti kutoka pande mbili

Mpakani redio ilitupa walimu wawili. Redio Tanzania Dar es Salaam ilituletea Simba na Yanga. Redio ya Zambia ilituletea majina ya watu wa upande wa pili, ambao kwa wengi wetu walikuwa shemeji na binamu. Mwaka 1979 pande hizo mbili zilikutana kugombea nafasi ya Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 nchini Nigeria. Taifa Stars ilishinda 1-0 Dar es Salaam. Marudiano yalichezwa Ndola mwezi wa nane, Zambia ikatangulia, na zikiwa zimebaki dakika chache Peter Tino akasawazisha. Tanzania ikafuzu. Kwetu watu walishangilia kwa tahadhari, maana nyumba ya jirani ilikuwa na wageni wa Nakonde.

Bao la Tino tulilicheza mwaka mzima. Kila mtoto alitaka kuwa Tino. Lakini ili mmoja awe Tino ilibidi mwingine awe mtoaji wa mpira, na hapo watoto walianza wenyewe kubadilishana: leo mimi nafunga, wewe unanipa, kesho nakupa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtoto akijivunia pasi.

Zambia nayo iliendelea kutufundisha. Mwaka 1988, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Korea Kusini, iliifunga Italia 4-0, Kalusha Bwalya akipachika matatu. Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ilianguka Gabon, na majonzi yalivuka mpaka bila pasipoti. Mwaka 2012 waliporudi nchi hiyohiyo ya Gabon na kutwaa ubingwa wa Afrika kwa penalti dhidi ya Ivory Coast, Tunduma haikulala. Watoto wetu walikua wakiona kwamba nchi ya jirani, yenye watu wa damu yao, inaweza kupasiana mpira na dunia nzima.

Turudi nyuma kidogo: mwaka 1986 tulipata fahari ya upande wetu. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Tukuyu, Rungwe, ndani ya mkoa wetu wa wakati huo, ilipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Nilikuwa kijana mwanzoni mwa ualimu. Sikuhitaji tena kuwashawishi wanafunzi kwamba mpira wa mikoani unaweza kufika Dar es Salaam. Ulikuwa umefika na kurudi na kombe.

Shule na mpira mmoja

Mwaka 1977 serikali ilianza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote. Madarasa yalijaa ghafla, na uwanja pia. Shule ilikuwa na mpira mmoja, mara nyingi umeshonwa na kushonwa tena, na watoto mia kadhaa wenye hamu. Mwalimu wa michezo alifanya aliloweza: aliwapanga mstari, kila mmoja akapiga mara moja na kurudi nyuma. Kwa kipindi kizima mtoto aliugusa mpira mara mbili au tatu. Mwalimu wangu alipenda kutuambia kidole kimoja hakivunji chawa, na alisema kweli. Lakini kidole ambacho hakijazoezwa hakivunji chawa hata kikiungana na kingine.

Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, iliweka ngazi iliyoeleweka: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kwa mtoto wa Mpemba, kuchaguliwa timu ya wilaya kulimaanisha kulala Vwawa na pengine kufika Mbeya. Ngazi hiyo ilifundisha pasi kwa nguvu, kwa sababu timu ya kata huundwa na watoto wasiofahamiana na wenye muda mfupi wa kuzoeana. Kitu cha kwanza wanachokubaliana ni nani ampe nani. Nimeona mtoto wa Kinyiha na mtoto wa Kindali, waliokutana juzi, wakigongeana kana kwamba walikulia uani pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ilisimamishwa kwa kipindi, kisha ikarudishwa. Pengo lile lilituumiza kwa namna isiyosemwa sana. Chenga haikufa, maana inaishi uani na haihitaji ratiba. Kilichopungua ni pasi. Watoto waliokosa timu ya kata walikuja wakiwa mafundi wa kumpita mtu, lakini wakimaliza kumpita hawajui wamtafute nani. Hilo ndilo lililonithibitishia kwamba chenga hufundishwa na wenzako wa jirani, na pasi hufundishwa na wageni unaolazimika kuwaamini.

Adui wa zote mbili

Sasa nimtaje adui. Ni kubutua.

Kubutua kuliingia kwetu pamoja na mashindano ya zawadi. Kombe la mbuzi, kombe la ng'ombe, kombe la kiongozi fulani wakati uchaguzi unakaribia: timu ya watu wazima inataka mbuzi wake, na haina haja na mchezaji wa miaka kumi ijayo. Wanasimamisha jitu nyuma, linaupiga mpira mbele, wenye mbio wanaukimbilia. Kwa siku moja na mbuzi mmoja, njia hiyo inalipa. Ubaya ni kwamba ilishuka kwa watoto. Makocha wa watoto, wengi wao wachezaji wa hayo makombe, walianza kuchagua wenye miili mikubwa na kuwaambia, "Piga mbele!" Mtoto mdogo mwenye akili ya mpira akawekwa benchi, na yule mkubwa aliyewekwa uwanjani hakujifunza lolote isipokuwa kupiga.

Nchi nzima ilionja tunda la kukimbilia miili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika ikaondolewa kwa udanganyifu wa umri. Anayemchezesha mkubwa mahali pa mdogo anamnyima mdogo miaka yake ya kujifunza, na mkubwa anampa ushindi ambao si wake.

Tazama namna chenga na pasi zinavyosaidiana, utaona kwa nini kubutua kunaziua zote mbili. Mtoto anapopiga chenga na kumpita mtu mmoja, mpinzani wa pili analazimika kuacha nafasi yake aje kumzuia. Yule wa pili akitoka, kuna mwenzako aliyebaki peke yake. Pasi inayomfikia huyo ni pasi yenye maana, nayo imenunuliwa kwa chenga. Timu isiyo na mtu wa kumpita mtu itapasiana nyuma na pembeni mpaka jua lizame, kwa kuwa hakuna mpinzani aliyelazimika kutoka mahali pake. Timu yenye wapiga chenga wasioinua kichwa itawatoa wapinzani mahali pao na kuwapa muda wa kurudi. Anayebutua hamtoi mtu, wala hamfikii mtu.

Vibanda umiza

Mapinduzi ya mwisho yalikuja na vibanda umiza, vile vibanda vya kutazamia mpira kwenye runinga. Kwa shilingi chache mtoto wa Mpemba alikaa kwenye benchi la mbao akaitazama Barcelona ya Pep Guardiola, iliyotamba kuanzia mwaka 2008, ikizungusha mpira. Kesho yake makocha wetu wakaamka na sheria mpya: gusa mara mbili, achia. Sauti ya kampa kampa tena ikavuma kila uwanja. Niliwapenda vijana hao kwa bidii yao, lakini kanuni ya watu wazima wa Barcelona ilikuwa imewekwa juu ya watoto wa miaka minane. Timu ileile ilikuwa na Lionel Messi, na hakuna aliyemwambia Messi achie mpira akiwa mbele ya boksi.

Afadhali somo lililokuja kupitia kwetu. Mwaka 2018 Simba ilimsajili Clatous Chama kutoka Zambia, na wakati wa usajili Tunduma ikawa na maoni mengi kuliko Dar es Salaam. Chama niliwaonyesha watoto wangu mara nyingi, kwa sababu anafanya yote mawili katika tendo moja. Anaupokea mpira, anausimamisha, anawangoja wapinzani wawili wamjie. Mtu mwingine angeona hatari. Yeye anawaita. Wakishafika, anaupenyeza mahali walipotoka. Mtoto akielewa kwa nini Chama anangoja, hana tena haja ya kuuliza achenge au atoe.

Hata bao la Taifa Stars dhidi ya Zambia mjini San Pedro, tarehe 21 Januari 2024, kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika, nililitumia hivyohivyo. Mbwana Samatta, mshambuliaji, alichagua kumpenyezea Simon Msuva, naye akafunga. Zambia, ikiwa pungufu, ilisawazisha dakika ya 88 kupitia Patson Daka, na mpakani tukagawana uchungu. Lakini pasi ile ilitolewa na mtu ambaye angeweza kujaribu mwenyewe, na hapo ndipo thamani yake.

Samatta ana somo lingine la kutuletea. Mwaka 2016 alikwenda Genk, Ubelgiji, nchi iliyokuwa imefumua mpira wake wa vijana kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wabelgiji walichunguza mechi za watoto wao wakakuta kwamba kwenye uwanja mkubwa mtoto mdogo anaugusa mpira mara chache mno, na kwamba makocha wanatafuta ushindi kuliko mafunzo. Wakaagiza wadogo wacheze watano kwa watano, wakikua wanane kwa wanane, na wale wadogo kabisa wasiwe na msimamo wa ligi. Chenga ikapewa nafasi ya kwanza, pasi ikaja kadiri mtoto anavyokua. Nilipousikia mpango huo nilifurahi kwa moyo wote. Tajiri wa Ulaya alikuwa ameandika kwenye makaratasi kile ambacho chandimu ilitupa bure: watu wachache, uwanja mdogo, mpira mguuni kila wakati, na hakuna mtu mzima anayehesabu pointi.

Na wasichana wetu walithibitisha kwamba njia hii haina jinsia. Mwaka 2022 Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, wakawafunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Tangu hapo mama wa Mpemba hanizuii tena kumpeleka binti yake mazoezini. Ananiuliza saa ngapi.

Jinsi ninavyowafundisha

Wanaokuja kunitazama nikiwa na watoto hukuta mambo machache. Walio chini ya miaka kumi wanacheza wanne kwa wanne kwenye vipande vidogo vya uwanja, na hakuna anayeambiwa aachie. Nawapa mpira mdogo. Ukikosekana, chandimu inatosha na inazidi. Kuanzia miaka kumi naongeza neno moja kila wiki: inua kichwa. Kisha nawafundisha kugongeana, utoe na ukimbie, kwa sababu pasi isiyofuatwa na mbio ni nusu ya pasi. Wakifika miaka kumi na mbili nagawa uwanja kwa maneno wanayoyaelewa. Karibu na goli letu, toa mapema, maana ukinyang'anywa hapo tunafungwa. Katikati, tazama kwanza. Karibu na goli lao, ukibaki na mtu mmoja mbele yako, mpite. Akikosea hapo simkemei, kwa sababu nimemtuma mimi.

Na bao likifungwa baada ya chenga iliyomalizwa kwa pasi, nawashangilia wote wawili kwa majina yao, aliyetoa akiwa wa kwanza. Watoto wanashika haraka kile kinachosifiwa.

Kinachotakiwa sasa

Leo tishio la Mpemba ni ardhi. Mji wa Tunduma unapanuka kuja kwetu. Mashamba tuliyokuwa tukichezea baada ya mavuno yamepimwa viwanja, yamejengwa nyumba, gereji na maegesho ya malori. Mimi si mpinga maendeleo. Lami ya Isongole imewarahisishia wakulima usafiri, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kililetwa kupunguza foleni. Lakini mtoto anayezaliwa Mpemba leo anaweza kuwa na mpira mzuri na asiwe na mahali pa kumpitia mwenzake. Uwanja mmoja mkubwa wa kata hautoshi, kwa sababu unachukuliwa na wakubwa na makombe yao.

Ninachowaomba viongozi wa kata, wenyeviti wa mitaa na wote wanaopima viwanja ni hiki: kila mtaa uachiwe kipande kidogo, hata cha hatua thelathini kwa ishirini, ambacho hakiuzwi, hakijengwi, wala hakigeuzwi gulio. Hakihitaji nyasi wala majukwaa. Kinahitaji mawe manne na ulinzi wa wakazi. Makocha vijana nawaomba wafiche hesabu ya mabao mbele ya watoto wa miaka minane na wasimchague mtoto kwa kimo. Wazazi nawaomba wanyamaze pembeni ya uwanja. Historia yetu imeshatuonyesha kwamba mtoto akipewa nafasi ya kumpita mwenzake, atamtafuta mwenyewe mtu wa kumpa.